Sauti Juu ya Slaidi: Sarufi ya Kiswahili Mbele ya Maikrofoni, kwa Mifano ya Mpaka wa Holili



Mada ya mhadhara huu yaweza kuonekana kuwa ni ya mafundi kuliko ya wanaisimu. Nitazungumzia namna ya kunasa sauti ya msimulizi kwa kompyuta na kuiambatisha kwenye slaidi, ili onyesho liweze kutazamwa na kusikilizwa pasipo mzungumzaji kuwapo. Vitabu vya mwongozo vinavyoeleza kazi hii ni vingi, na karibu vyote vimeandikwa kwa ajili ya wasemaji wa lugha nyingine. Vinaeleza kitufe cha kubonyeza, lakini havielezi ni sehemu gani ya neno la Kiswahili itakayopotea iwapo kitufe hicho kitabonyezwa mapema au kitaachwa kwa kuchelewa. Hoja yangu ni kwamba katika Kiswahili sehemu inayopotea mara nyingi ndiyo inayobeba ukanushi, na kwamba msimulizi asiyelijua jambo hilo anaweza kuwaambia watu kinyume cha alichokusudia.

Nimechagua kutoa mifano yangu mahali pamoja, nayo ni Holili. Holili imo katika Wilaya ya Rombo, mashariki ya Himo, kwenye barabara inayotoka Moshi kwenda Taveta na Voi. Mstari wa mpaka unaopita hapo asili yake ni makubaliano ya Wajerumani na Waingereza ya mwaka 1886, ambayo yaliuacha mlima wote upande mmoja na kuigawa nchi ya chini yake bila kuwauliza wenyeji. Upande wa magharibi utasikia Kirombo na Kivunjo. Upande wa mashariki utasikia Kitaveta, ambacho kinakaribiana na Chasu cha Upareni kuliko Kichaga. Wamo pia Wakamba na Wamaasai. Wote hao hukutana katika Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kina sura mbili: mwanafunzi wa Taveta hufundishwa kuiita mashine yetu tarakilishi, na mwenzake wa Holili huiita kompyuta. Kituo cha huduma za pamoja cha mpakani Holili na Taveta kilizinduliwa mwaka 2016, nacho kinawahudumia madereva wa malori makubwa pamoja na akina mama wenye magunia mawili ya maharage.

Tuchukulie basi kwamba mwanafunzi wetu mmoja ametakiwa kuandaa slaidi kumi na tano zenye sauti za kuwaeleza wafanyabiashara hao wadogo utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kanuni ya msingi ni nyepesi kuieleza. Bidhaa zenye uasili wa nchi za Jumuiya, ambazo thamani yake haizidi dola za Marekani 2,000, huvuka kwa cheti chepesi cha uasili na hazitozwi ushuru wa forodha, ingawa tozo nyingine zilizowekwa na sheria za nchi zaweza kuhusika. Mama aliyeelewa sentensi hiyo hupita kwenye lango la forodha. Yule aliyeielewa kinyume hutafuta njia ya panya, na huko hukutana na watu wasiotoa stakabadhi.

Wazee wa slaidi yenye sauti

Watu wengi hudhani kwamba usimulizi wa aina hii uliletwa na programu ya PowerPoint, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1987. Sivyo. Kunasa sauti katika nchi zetu ni jambo la zaidi ya karne moja. Karl Weule alizunguka kusini ya nchi hii mwaka 1906 akiwa na santuri za nta, na Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kunaswa sauti yake. Lakini hizo zilikuwa sauti peke yake. Kwa maoni yangu mzee halisi wa slaidi yenye sauti ni kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Katika kampeni hiyo watu wapatao milioni mbili waliketi katika vikundi, wakaisikiliza redio huku kitabu kikiwa wazi mbele yao. Sauti ilitoka Dar es Salaam, maandishi na picha vilikuwa mikononi, na mwenyekiti wa kikundi aliviunganisha. Aliyeandaa vipindi vile alikabiliwa na swali lilelile linalomkabili mwanafunzi wetu: nitajuaje kwamba jicho la msikilizaji lipo mahali ambapo sauti yangu ipo?

Mzee wa pili hatambuliwi sana vyuoni, nami naona hilo ni kosa. Ni yule msimulizi wa filamu katika vibanda vya video, ambaye jina lake mashuhuri Tanzania ni Lufufu, yaani Derek Gaspar Mukandala. Alichukua filamu za kigeni akaziwekea juu yake sauti ya Kiswahili. Palipohitaji maelezo aliyatoa, na palipokuwa na wahusika wanne aliwasemea wote. Wasomi wengine walimcheka. Hata hivyo, ukimsikiliza kwa sikio la kiisimu utagundua kwamba alijua mambo mawili ambayo wahadhiri wetu wengi hawayajui: hakusema jambo kabla picha yake haijatokea, na hakuanza sentensi kwa kitenzi kilichonyongeka. Tutayarudia yote mawili.

Mashine inasikia nini

Sauti ni mtetemo wa hewa. Maikrofoni huugeuza mtetemo huo kuwa umeme, na kadi ya sauti iliyo ndani ya kompyuta huupima umeme huo mara nyingi kwa sekunde, kila kipimo kikiandikwa kama tarakimu. Kiwango kilichozoeleka tangu enzi za diski za muziki ni vipimo 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16, yaani ngazi 65,536 za nguvu ya sauti. Kwa msemaji mmoja asiyehitaji masikio mawili ya stirio, hesabu hiyo hutoa baiti 88,200 kwa sekunde, au takribani megabaiti 5.3 kwa dakika. Onyesho la dakika kumi na tano litafikia megabaiti 79. Likishindiliwa kwa mfumo wa MP3 wa kilobiti 128 kwa sekunde litashuka hadi megabaiti kama 14, ambazo simu ya kawaida yaweza kuzibeba.

Kanuni ya kukumbuka ni kwamba mashine huweza kurudisha mitetemo isiyozidi nusu ya idadi ya vipimo vyake. Vipimo 44,100 hufika hadi hezi 22,050, na sikio la mwanadamu halihitaji zaidi. Simu ya zamani ilipima mara 8,000 tu, kwa hiyo haikuweza kuvuka hezi 4,000. Irabu zetu tano hazipati shida hapo. Wanaoumia ni vikwamizo: sehemu kubwa ya nguvu ya s ipo juu ya kiwango hicho, na ndiyo maana mtu akitaja jina lake kwenye simu ya zamani aliulizwa kama ni f au s. Kwa hiyo mwanafunzi asichague kiwango cha chini kwa tamaa ya kupunguza ukubwa wa faili. Heri kunasa kwa ukamilifu na kushindilia baadaye.

Kuna jozi moja ya maneno ambayo ningeomba ibandikwe ukutani pa kila mwenye kunasa sauti ya Kiswahili: thamani na samani. Wasemaji wengi wa bara hutamka th kama s na dh kama z. Katika mazungumzo ya ana kwa ana hakuna anayepotea, kwa sababu muktadha hulinda. Lakini katika slaidi yetu ya mpakani, “thamani ya bidhaa” ikitamkwa “samani ya bizaa”, mfanyabiashara wa vitanda na kabati ana haki ya kudhani kwamba anasemwa yeye. Simlaumu msemaji kwa lafudhi yake. Kiswahili cha Rombo ni Kiswahili. Nasema tu kwamba th ni sauti dhaifu mno, na hata ikitamkwa barabara inahitaji msaada. Msaada huo ni kuandika neno lenyewe kwenye slaidi, kwa herufi kubwa, wakati sauti inalitamka.

Vipasuo navyo vina tabia zao. Katika matamshi ya pwani kuna jozi za mlinganuo finyu ambazo hutofautiana kwa mpumuo tu: paa wa porini hutamkwa kwa pumzi, paa la nyumba hutamkwa bila pumzi, kadhalika kaa wa baharini na kaa la moto. Maandishi yetu hayaonyeshi tofauti hiyo, lakini maikrofoni huiona vizuri kupita kiasi. Pumzi ya p ikiipiga moja kwa moja hutoa kishindo kama cha mlango uliobamizwa na upepo. Jambo la kupendeza ni kwamba b yetu haifanyi hivyo. B, d, j na g za Kiswahili, pale ambapo hazikutanguliwa na nazali, hutamkwa kwa kuivuta hewa ndani kidogo badala ya kuisukuma nje, na kwa hiyo maikrofoni haipigwi. Mwongozo wa kigeni unaomwonya msimulizi ajihadhari na p na b kwa pamoja unatuonya nusu bure. Dawa ya p ni rahisi: maikrofoni isiwekwe mbele ya mdomo, bali pembeni kidogo, kwa umbali wa kadiri ya shubiri moja.

Chumba, upepo na malori

Juu ya mambo ya chumba sitakaa sana. Chumba cha saruji chenye sakafu tupu na paa la bati hurudisha mwangwi, na mwangwi ukishanaswa hautoki. Godoro likisimamishwa ukutani nyuma ya maikrofoni, blanketi mezani na pazia zito dirishani vinatosha. Katika miteremko ya juu ya mlima adui ni mvua ya masika juu ya bati. Holili kwenyewe, ambako ni tambarare na kukavu, adui ni upepo na malori yanayosubiri zamu. Saa ya kunasa ni alfajiri, ijapokuwa jogoo naye ana ratiba yake. Kompyuta ya mkononi iendeshwe kwa betri, kwa kuwa chaja mbovu huingiza mvumo wa umeme wa hezi 50 pamoja na mwangwi wake wa hezi 100, na hapo ndipo ilipo sauti ya msingi ya wanaume wengi. Ukijaribu kuuondoa mvumo huo baadaye utaondoa na kifua cha msemaji.

Programu ya Audacity, ambayo imekuwa ikitolewa bure tangu mwaka 2000, ina chombo cha kupunguza kelele, na programu za siku hizi hufanya kazi hiyo zenyewe bila kuombwa. Hapa ndipo mwanaisimu anapopaswa kusimama. Chombo hicho huchukulia kwamba kitu chochote chenye nguvu ndogo, kisicho na mtetemo wa mpangilio, kinachofanana na upepo, ni kelele. Sasa niambieni, wanafunzi wa fonetiki, ni konsonanti gani ya Kiswahili inayojibu maelezo hayo neno kwa neno?

Mkasa wa h

Ni h. Haina nguvu, haina mahali pake kinywani, hujitwalia umbo la irabu inayoifuata. Wasemaji wengi huidondosha, na wengine kwa hofu ya kuidondosha huipachika pasipo mahali pake. Tazameni ujumbe wa simu za mkononi mtaona “hasante” na “uyu” katika mstari mmoja. Sauti hii dhaifu ndiyo ambayo sarufi yetu imeikabidhi kazi nzito kuliko zote, yaani ya kusema hapana.

Tuutazame ukanushi wa kitenzi lipa katika nafsi ya tatu umoja. Wakati uliopita: alilipa, hakulipa. Hali timilifu: amelipa, hajalipa. Wakati uliopo: analipa, halipi. Katika jozi hizi zote ukanushi umewekewa alama zaidi ya moja. Hata h ikipotea, “akulipa” au “ajalipa” bado inatambulika, kwa kuwa kiambishi cha wakati kimebadilika. Na katika “alipi” irabu ya mwisho imegeuka i. Sasa tazameni wakati ujao: atalipa, hatalipa. Kiambishi cha wakati ni kilekile, irabu ya mwisho ni ileile. Sentensi ya kukubali na sentensi ya kukanusha zinatofautiana kwa h peke yake. Ndivyo ilivyo pia katika nafsi ya pili: utatozwa, hutatozwa. Mwanafunzi wetu akisema kwenye slaidi ya saba, “Mfanyabiashara mwenye cheti hatatozwa ushuru,” na chombo cha kupunguza kelele kikafanya kazi yake kwa uaminifu, mama wa maharage atasikia kwamba atatozwa.

Hatari ya pili ni ya mkono, si ya chombo. PowerPoint huhifadhi sauti ya kila slaidi peke yake, na hainasi chochote wakati slaidi moja inapoondoka na nyingine kuingia. Msemaji mwenye haraka hubonyeza na kusema kwa wakati mmoja, na silabi ya kwanza huangukia katika pengo hilo. Katika lugha ambazo neno la kukanusha hukaa katikati ya sentensi hasara ni ndogo. Katika Kiswahili silabi ya kwanza ya kitenzi ndiyo makao ya ukanushi, nacho kitenzi chetu hupenda kuanza sentensi kwa sababu kimekwisha kumbeba mtenda. “Hawatatozwa” ikikatwa silabi moja si neno bovu ambalo msikilizaji angeshtuka kulisikia. Ni neno zima, safi, lenye maana: “watatozwa”. Hakuna sikio litakalogundua kwamba kuna kitu kimeanguka.

Mwisho wa slaidi nao una mtego wake. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, ukiacha vighairi vichache kama walákini ya kuunganisha, ambayo hutofautishwa na walakíni ya kasoro. Silabi yenye mkazo hurefuka. Ya mwisho hubaki fupi, hushuka, na mwishoni mwa sentensi mara nyingi hufifia kabisa. Sasa linganisheni sentensi hizi mbili: “Kwa mzigo kama huu ushuru hutozwi,” na “Kwa mzigo kama huu ushuru hutozwa.” Ya kwanza inamwambia msikilizaji kwamba yeye hadaiwi; ya pili, kwa hu- ya mazoea, inasema kwamba ushuru hudaiwa. Tofauti yote imo katika irabu moja isiyo na mkazo, mahali ambapo msemaji ameshapeleka kidole kwenye kitufe cha slaidi inayofuata.

Wengine watasema kwamba dawa ni kutamka kwa nguvu zaidi. Siafiki. Anayeipiga kelele h hupata mlio wa mtu anayehema, na pumzi hiyo huipiga maikrofoni kama ile ya p. Dawa iko katika sarufi yenyewe, ambayo imetupa njia kadhaa za kusema jambo moja. Badala ya “hatatozwa” tuandike “hatozwi”, ambapo ukanushi una alama mbele na nyuma. Au “hapaswi kulipa”. Au tuifanye bidhaa yenyewe kuwa kiima, “bidhaa hizi hazitozwi ushuru”, ambapo silabi nzima ha- inafuatwa na zi- na kulindwa mwishoni na i. Kisha kitenzi kisiachwe mwishoni mwa slaidi wala mwanzoni mwake. Tutangulize maneno mawili ya kuipisha slaidi iingie, “Kwa kawaida,” au “Mwenye cheti hiki,” ili kitakachokatwa kiwe ni kile tunachoweza kukipoteza. Na baada ya neno la mwisho msemaji afumbe mdomo kwa sekunde moja nzima kabla ya kubonyeza. Lufufu alifanya hivyo pasipo kufundishwa fonetiki.

Kidole cha ngeli

Nije kwenye habari njema zaidi. Mzungumzaji aliyepo ukumbini huonyesha kwa kidole au kwa fimbo. Sauti iliyonaswa haina kidole. “Tazama hapa” ni maneno matupu ikiwa hapa hapaonekani. Lakini Kiswahili kina kidole kingine ambacho lugha nyingi zimenyimwa, nacho ni upatanisho wa ngeli. Wekeni kwenye slaidi moja picha ya lori, picha ya cheti na picha ya mzigo. Msimulizi akisema “hicho kigongwe muhuri,” jicho la msikilizaji litakwenda kwenye cheti bila kuelekezwa. Akisema “hilo lisimame upande wa kushoto,” litakwenda kwenye lori. Akisema “huo upimwe kwanza,” litakwenda kwenye mzigo. Kionyeshi kimoja kinafanya kazi ya kidole, na silabi inayofuata inahakikisha.

Uzuri huu hufa pale ambapo vitu vyote vya slaidi ni vya ngeli moja. Fomu, bidhaa, forodha, stakabadhi, ofisi, leseni: zote ni hii na hiyo. Lugha ya utawala wetu imejaa maneno ya namna hiyo kwa sababu mengi yamekopwa, na mengi yaliyokopwa huingia katika ngeli ya N. Kwa hiyo anayepanga slaidi apange pia ngeli. Kama lazima fomu na stakabadhi ziwe pamoja, moja iitwe kwa jina lake kila mara, au igeuzwe kuwa “karatasi ya njano” na “kijikaratasi cha malipo”. Sioni aibu kutumia kidunishi pale ambapo kinamwonyesha mtu njia.

Jambo linalofanana na hilo ni kiambishi -ka-. Kwa kuwa sauti ya kila slaidi huhifadhiwa peke yake, slaidi yaweza kuhamishwa mahali pengine na sauti yake ikahama nayo. Huo ndio ubora wake mkubwa, maana ukikosea slaidi ya tisa utairekodi hiyo tu. Lakini slaidi inayoanza kwa “Akafika dirishani akaonyesha kitambulisho” haiwezi kuhamishwa, kwani -ka- hutegemea kitenzi kilichotangulia ili kipate wakati wake. Ikihamishwa huning'inia hewani. Kila slaidi ianze kwa kitenzi chenye wakati wake kamili, na -ka- zije baadaye kwa kadiri ya ladha.

Tarakimu, saa na shilingi

Kwenye slaidi tunaandika 25,000. Tukiitamka “elfu ishirini na tano” tumetamka pia 20,005, na hakuna kanuni itakayomlazimisha msikilizaji kuchagua moja. Anayetazama slaidi ataokolewa na tarakimu. Aliyeiweka simu mfukoni na kusikiliza tu hataokolewa. Isemwe “ishirini na tano elfu”, wapinzani wa mtindo huo wakinung'unika wanung'unike. Slaidi ikiandika 08:00, sauti iseme “saa mbili asubuhi”, na kwa siku za mwanzo ieleze kwamba ndiyo hiyo nane ya kwenye karatasi, kwa kuwa fomu nyingi hujazwa kwa saa za kizungu. Na pale mpakani neno shilingi halitoshi. Shilingi elfu tano ya Kenya na ya Tanzania ni mifuko miwili tofauti; wenyeji husema “za Kenya” na “za kwetu”, na neno la pili lina maana mbili kutegemea msemaji amesimama upande gani wa lango. Msimulizi aliyenaswa hana upande. Ataje nchi kila mara, hata ikichosha.

Kuhusu kiimbo nitasema neno moja. Kichaga kina toni, Kiswahili kimeziacha. Msemaji aliyelelewa na Kirombo huleta Kiswahili chenye mawimbi yake, na wapo walimu wa utangazaji wanaotaka mawimbi hayo yasawazishwe. Kwangu mimi hayana hatia, isipokuwa katika maswali. “Amelipa” na “amelipa?” hutofautiana kwa kiimbo tu, na msikilizaji wa Taveta aliyezoea wimbi jingine anaweza kulipokea swali kama taarifa. Tuna neno je, nalo halihitaji chombo. Litumike.

Baadhi yenu mtauliza kwa nini amri za mashine zenyewe zisiwe za Kiswahili, ili mwanafunzi asome na kunasa katika lugha moja. Juhudi hizo zilikwisha kuanza. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ambao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, na Microsoft nayo ikafuata muda mfupi baadaye. Watumiaji wengi waliendelea na Kiingereza, kwa kuwa ndicho walichofundishiwa kompyuta. Istilahi ambazo hazina mwalimu hubaki katika kamusi.

Namalizia kwa kazi ya wanafunzi wa semina. Andikeni maneno ya slaidi moja, yasiyozidi sekunde arobaini na tano, juu ya cheti chepesi cha uasili. Yanaseni mara mbili: mara ya kwanza kwa wakati ujao, “hutatozwa”; mara ya pili kwa wakati uliopo wenye alama mbili, “hutozwi”, mkiwa mmekiweka kitenzi katikati ya sentensi. Zipitisheni sauti zote mbili katika chombo cha kupunguza kelele. Kisha wachezesheeni watu wasioiona slaidi, wa pande zote mbili za mpaka, kwa simu ya bei ndogo, barabarani, malori yakipita. Msiwaulize kama wamesikia vizuri, kwa sababu kwa adabu watasema ndiyo. Waulizeni kama watalipa.